Gurudumu la Makubadhi

Kwa miaka kumi na mmoja Debora binti Valentini alikula vumbi. Sipambi maneno. Alilila kwelikweli, kwa pua na kwa mdomo, katika karakana ya Mzee Yunusu pale Kilwa Kivinje. Wenzake walikuwa wakikereza miguu ya vitanda na ya viti kwenye mashine inayozungusha mti, kisha kazi inaangukia mikononi mwake ikiwa imejaa mikwaruzo, naye anakaa kwenye kigoda karibu na mlango anaipiga msasa mpaka iteleze. Asubuhi jua likiingia mlangoni, unaliona vumbi lile jeusi likielea ndani ya mwanga, halitui wala haliondoki. Kitanda kikisifiwa, anasifiwa mkerezaji. Mpiga msasa nani atamkumbuka?

Mwaka huo kifua kikamchachamalia. Kikohozi kikavu, cha kuinamisha mtu. Mganga wa zahanati alimsikiliza mgongoni, akamuuliza anafanya kazi gani, na alipoambiwa akatikisa kichwa.

"Mama, dawa nitakupa. Lakini dawa haishindani na vumbi la mpingo. Liache vumbi, au hicho kifua hakitafika mbali."

Aliache! Ndiyo raha ya waganga, neno moja na mgonjwa anaenda zake. Debora alikuwa mjane, ana mwanawe Benjamini yuko shuleni Masoko, na mbao ndiyo kazi pekee aliyoijua. Lakini alijua pia jambo ambalo mganga hakulijua, wala Mzee Yunusu na ndevu zake zote. Vumbi halitoki kwenye mti. Linatoka kwenye chuma butu. Patasi iliyonoleka hutoa maranda marefu, meusi, yanayojikunja kama nywele za mtoto mchanga, na mahali ilipopita mti unabaki unang'aa, hauna haja ya msasa. Patasi butu haikati bali inakwangua, na kinachotoka hapo ni vumbi tupu. Kwa miaka kumi na mmoja, basi, Debora alikuwa akisugua ubutu wa patasi za watu.

Hayo aliyapata kwa baba yake, marehemu Mzee Valentini, Mmakonde aliyeteremka kutoka uwanda wa juu wa kwao na kerezo lake la mguu. Kerezo hilo lilikuwa bado liko uani kwa Debora. Ni kitu cha zamani, rahisi. Ufito mrefu unaopinda uko juu, kanyagio liko chini, na kati yake kuna kamba iliyozungushwa mara mbili kwenye mti unaokerezwa. Ukikanyaga, kamba inavutwa na mti unazunguka kuja kwako, unakata. Ukiachia, ufito unanyanyuka na mti unazunguka kurudi nyuma, unasubiri. Jumapili baada ya kanisa Debora alikerezea hapo michi na vijiti vya kusukumia chapati. Havikulisha nyumba, ila mikono haikusahau.

Na hapo uani palikuwa na gurudumu la baba. Kipande cha mwembe cha ukubwa wa sahani, kimevishwa pembeni mkanda wa ngozi, na ngozi imepakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na majivu ya pumba za mpunga yaliyochekechwa kwa kanga kuukuu. Gurudumu linafungwa kwenye kerezo mahali pa mti, na patasi inawekwa ile ngozi iipapase. Mzee hakuwa akikata mpingo zaidi ya nusu saa bila kurudi kwenye gurudumu. Watu walimcheka kuwa ananoa kuliko anavyokereza. Wacheke. Kazi zake hazikuujua msasa.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mashine kuukuu ya karakana iliungua, Mzee Yunusu akaleta mpya, ya umeme, nzito, yenye mwendo wa pole na wa kasi. Wiki hiyohiyo Bi Umi akaja. Bi Umi ni mama mtu mzima, mwenye nyumba ya ghorofa upande wa pwani, ulimi wake hauna breki. Roshani yake ilikuwa imeoza, akataka vinguzo sitini vya mpingo vya kuizungushia.

"Na msinipigie msasa," alisema. "Msasa unaufanya mpingo kijivu kama uso wa mgonjwa. Wala vanishi siitaki. Nataka mti wenyewe. Kama hamuwezi semeni, niende Lindi."

Mafundi wakatazamana. Mzee Yunusu akasema tutaweza, Bi Umi, ondoa shaka. Kisha akamgeukia Majid Likwata, aliyekuwa mkerezaji wa mashine ile iliyoungua. Majid alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, hodari, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Kila mtu alijua mashine mpya ni ya Majid.

"Nami nijaribiwe," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Wote wakageuka. Debora alikuwa ameshasimama, msasa bado mkononi.

"Ujaribiwe nini, mama Benja?" Mzee Yunusu aliuliza.

"Mashine. Kukereza ninajua. Na kazi isiyotaka msasa ndiyo kazi yangu."

Basi vicheko! Majid akapiga makofi. "Jamani, Mmakonde anataka mashine! Mtani wangu, hii haina kamba wala ufito. Ukiikanyaga itakung'ata!"

Majid ni Mmwera, na Mmwera na Mmakonde ni watani. Anachokuambia mtani hukikasirikii, na anachokuchukulia humdai. Debora akacheka naye kwa sababu ndiyo mila. Lakini alijua hesabu ilivyo. Akipata mashine, vumbi linakwisha. Akiikosa, hatarudi tena kwenye kile kigoda. Atatoka kwenye mbao moja kwa moja, na maisha yake yatakuwa kuuza maandazi stendi huku akisikia mashine za watu kwa mbali.

Mzee Yunusu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mazoea tu. Alikuna ndevu. Mwisho akatoa uamuzi: Alhamisi Majid atakereza vinguzo vinne, Ijumaa Debora vinne, msasa marufuku, na Jumamosi Bi Umi atachagua kwa mkono wake bila kuambiwa kipi cha nani. Atakayechaguliwa, mashine ni yake. Jumatano wote wawili waizoee.

Jumatano Debora alikuja na gurudumu la baba limefungwa ndani ya kanga. Majid alipomaliza zamu yake, Debora alilifunga gurudumu kwenye mashine, akaweka mwendo wa pole, akashika patasi kama alivyoishika tangu utotoni, ameielekeza mbele, mpini chini kidogo, mkono umelegea. Akaisogeza kwenye ngozi.

Mtume! Hata sekunde haikupita. Makali yaliuma ngozi, mashine ikainyakua patasi mkononi mwake, ikairusha juu ya vichwa vya watu na kuikita kwenye nguzo ya mlango, ikawa inatikisika. Ngozi ilichanika kuanzia pembeni mpaka pembeni. Gurudumu lenyewe, lililodumu miaka arobaini, likapasuka vipande viwili, kimoja kikaingia chini ya benchi.

Majid akavuta pumzi. "Loo! Mtani, Bi Umi anataka vinguzo, si mikuki!"

Wakacheka, lakini kicheko cha watu waliotishika. Mzee Yunusu alizima mashine mwenyewe. Uso ulikuwa umemsawajika.

"Mama Benja, mtu angekufa hapa. Kifaa hiki si cha kujaribia mambo ya wazee. Mimi naona tuyaache."

"Ulisema Ijumaa, Mzee."

"Nilisema kabla sijaona."

"Mzee Yunusu." Debora aliweka mikono nyuma. "Miaka kumi na mmoja sijakuomba kitu. Hata likizo sijakuomba. Nakuomba Ijumaa."

Mzee Yunusu akaitazama patasi kwenye nguzo, akamtazama yeye. "Ijumaa," alisema. "Ikiruka hata mara moja, basi."

Njiani kurudi nyumbani, vipande vya gurudumu ndani ya kanga, Debora alilia, tena wazi, wala hakujifuta. Alilia kwa aibu na kwa lile gurudumu. Waliomsalimu aliwaitikia huku akilia, na mama mmoja mwenye genge alimuuliza nani kafa, akasema hajafa mtu. Alipofika uani akavifunga vile vipande viwili kwa waya, akaliweka gurudumu bovu kwenye kerezo la baba, akakanyaga. Hakuwa na sababu ya maana. Alitaka tu kuona lilimkosea nini.

Halikumkosea kitu. Patasi ilikaa kwenye kile kipande cha ngozi kilichobaki, ikatulia, ikanoleka kama siku zote. Mkono uleule, patasi ileile, ngozi ileile. Hapa inanoa, kule inaruka. Kwa nini?

Akakanyaga polepole. Akaacha kulitazama gurudumu, akautazama mkono wake. Na hapo akaona. Kila alipokanyaga, mkono uliinuka kidogo, unywele tu, patasi ikaachana na ngozi. Kila alipoachia, mkono ulishuka, ikagusa. Inuka, gusa. Inuka, gusa. Hakuwahi kujua kuwa anafanya hivyo. Ndipo akakumbuka kifimbo cha baba kikimgonga vidole alipokuwa binti wa miaka tisa: "Inua! Sasa gusa. Inua, nimesema!" Alishika kuinua, akasahau sababu.

Kumbe! Ukikanyaga, gurudumu linakuja kukutana na makali, na makali yanauma ngozi. Ukiachia, linayakimbia makali, linayapapasa tu. Ule mzunguko wa kurudi, ambao kila mkerezaji anauona ni wa bure, ndio uliokuwa ukinoa peke yake. Na mashine ya umeme haina kurudi. Inakuja, inakuja, inakuja tu. Kosa la namna hiyo Majid asingelifanya hata angetaka; ni kosa la aliyefunzwa na kerezo la mguu na kufunzwa vizuri.

Debora alicheka peke yake uani mpaka kikohozi kikamkamata. Haya, kama mashine haigeuki, atageuka yeye. Mbele ya mashine gurudumu linateremka kumjia mtu. Nyuma yake, upande wa pili, gurudumu hilohilo linapanda na kumkimbia. Anachotakiwa ni kwenda nyuma ya mashine. Jambo lenyewe ndilo hilo, na lilimgharimu gurudumu la baba yake.

Sasa alihitaji magurudumu mapya, na si moja, mawili: moja pana la patasi bapa, na jingine jembamba lenye ukingo wa mviringo, liingie ndani ya patasi ya mfereji. Kipande cha mwembe alikuwa nacho. Majivu na nta, tele. Ngozi ndiyo hakuna. Mkanda wa baba ulikwishachanika, na viatu vyake mwenyewe vya kanisani vilikuwa vya plastiki, Mungu amsamehe aliyemuuzia kwa jina la ngozi.

Alhamisi asubuhi alifika karakana mapema. Majid yuko kwenye mashine, kifua mbele, anakereza kinguzo chake cha kwanza, na sifa zake mtu alistahili kupewa: mkono ulikuwa unakwenda. Kando ya mlango alikuwa amevua makubadhi yake mapya, ngozi tupu, aliyoletewa na shemeji yake kutoka Unguja. Alikuwa akiyasifia tangu Iddi.

Debora aliyaokota, akayakunja kidogo, akayanusa.

"Mtani," aliita, "makubadhi haya mazuri."

"Yangu hayo, mtani," Majid alijibu bila kugeuka.

"Yalikuwa."

Majid akazima mashine. Akageuka akamkuta Debora amekwishatoa kisu na amekwishachana soli ya kwanza kutoka kwenye ngozi yake, kwa utulivu, kama anamenya muhogo. Karakana nzima ikalipuka. Mmoja alikaa chini kabisa kwenye maranda akishika mbavu.

"Wewe mwanamke! Makubadhi ya Unguja hayo!"

"Jana umenicheka, mtani, nami nimecheka nawe. Leo nachukua changu. Au utani wa Wamwera siku hizi ni wa upande mmoja?"

Majid afanye nini? Mtani haibi, huchukua. Alimtazama Mzee Yunusu apate hakimu, na Mzee Yunusu akageuza uso ukutani, mabega yanamcheza.

"Chukua," Majid alisema. "Chukua yote mawili, mguu mmoja utanifaa nini? Ila Jumamosi nitakapochaguliwa, utanibeba mgongoni mpaka nyumbani."

"Nitakubeba."

Siku nzima hiyo Majid alikereza pekupeku. Mpingo si mti wa mchezo, unakula chuma, na kila baada ya muda patasi zake zilianza kulia. Alizipeleka kwenye jiwe la umeme, cheche zikaruka, makali yakageuka rangi ya buluu, akarudi kukata. Makali ya namna hiyo hukata vizuri kidogo halafu hayana kitu. Alasiri sakafu chini yake ilikuwa na vumbi jeusi la kuzoa kwa koleo. Lakini vinguzo vinne vilikuwa vimesimama benchini, vinene vinapotakiwa, vyembamba vinapotakiwa, na ukivitazama kwa hatua tatu huoni dosari.

Debora hakukaa kuvitazama. Alikuwa uani kwake, anakereza mwembe kwa kerezo la baba, anakata ngozi ya kulia kwa gurudumu la kwanza na ya kushoto kwa la pili, anapaka gundi, anafunga kwa uzi, anaanika. Nta aliiyeyusha kwenye kikaango kibovu na kumimina majivu, akakoroga mpaka ikawa uji mzito.

Ijumaa saa mbili alifika. Salamu, shikamoo Mzee, marahaba mama Benja. Akafunga gurudumu la kwanza, akawasha mwendo wa pole. Mafundi wote wakajivuta ukutani, na mmoja akajikinga kwa ubao.

Debora aliizunguka mashine, akasimama nyuma yake.

"Mtani!" Majid alisema. "Mashine ina uso, usiisalimie mgongoni!"

Aliogopa, wacha niseme kweli. Aliisogeza patasi, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka thelathini, ukataka kuinuka. Aliuzuia. Ngozi ikagusa chuma, ikapita, ikapapasa. Patasi haikuruka. Alihesabu moyoni mpaka ishirini, akaitoa, akaijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake. Vikaanguka.

Yule wa ubao akauteremsha ubao.

Alizunguka mbele, akafunga kipande cha mpingo na kuanza kazi. Mwanzo alikosea, mashine ilikuwa na haraka na yeye amezoea mdundo wa mguu, akakwaruza gogo la kwanza na kulitupa. La pili akalielewa. Maranda yakaanza kutoka, marefu, yanamwangukia mikononi na kwenye kanga aliyojifunga kiunoni. Kila baada ya dakika ishirini alifungua mti, akafunga gurudumu, akaenda nyuma, akanoa, akarudi. Majid alikuwa anamhesabia kwa sauti. "Safari ya tano ya Makka hiyo! Mtani, utakereza lini?"

Saa sita Mzee Yunusu akazima umeme, watu wakaenda msikitini, na karakana ikafungwa mpaka saa nane. Saa mbili zikapotea. Waliporudi alikuwa na vinguzo viwili tu. Saa kumi vikawa vitatu. Cha nne kilikuwa na fundo, na fundo la mpingo ni kama jiwe. Patasi ikaanza kulia. Debora alitazama saa ya ukutani. Akinoa sasa, huenda asimalize kabla karakana haijafungwa Magharibi. Asiponoa, atamaliza, na pale kwenye fundo patakuwa na mkwaruzo mdogo tu, kitu cha kupitisha msasa mara moja mtu asione.

Msasa! Moyo wake ukamkemea. Hicho ndicho ulichokuja kukikimbia, mjinga wewe. Akafungua mti, akafunga gurudumu, akaenda nyuma. Akahesabu ishirini, tena pande zote mbili, hakuiba hata moja. Akarudi kwenye fundo, akalipita polepole, na randa likatoka zima, limekunjamana, lina rangi ya kahawia katikati. Muadhini alipoanza adhana ya Magharibi, kinguzo cha nne kilikuwa benchini.

Jumamosi Bi Umi alikuja amejitanda mtandio wake wa hariri. Vinguzo vinane vilikuwa vimesimama, vya Majid kushoto, vya Debora kulia, na hakuna aliyemwambia. Alivitazama, akanung'unika kuwa macho hayamwambii kitu siku hizi. Kisha akauvua mtandio begani, akauviringisha kwenye kinguzo cha kwanza cha kushoto na kuuvuta. Ulikwenda, ukakwama shingoni. Aliuvuta, uzi mmoja ukatoka.

"Hiki kina kucha," alisema.

Cha pili kikakwama. Cha tatu kikapita, cha nne kikakwama. Akahamia kulia. Mtandio uliteremka juu ya kinguzo bila kushikwa, ukamponyoka mkononi na kuanguka sakafuni. Aliuokota kwa shida, akajaribu tena, na tena, mpaka kile chenye fundo. Kwenye vyote vinne ulianguka.

"Hivi," alisema Bi Umi. "Sitini kama hivi. Vya nani?"

Mzee Yunusu akakohoa. Nimeshasema alikuwa mtu wa mazoea. "Vya mama Benja, Bi Umi. Alhamdulillahi. Basi mimi naona, ili kazi iende haraka, tufanye hivi: Majid akereze, mkono wake ni mwepesi, na mama Benja akae pale, awe ananoa patasi zake. Kila mmoja na kipaji chake."

Debora alihisi kama amemwagiwa maji. Kumbe atahama kutoka kigoda kimoja kwenda kingine.

"Hapana," alisema.

"Mama Benja..."

"Hapana, Mzee Yunusu. Nimepiga msasa vya watu miaka kumi na mmoja. Sitanoa patasi za watu miaka kumi na mmoja mingine. Ulisema atakayechaguliwa, mashine ni yake. Kama haikuwa kweli, niambie, nichukue magurudumu yangu niende zangu." Sauti ilimkatika mwishoni, na kikohozi kikaja, lakini hakuinama. Alikohoa amesimama wima, anamtazama.

Bi Umi alikuwa anakunja mtandio wake na kusubiri. Ndipo Majid akajitenga na ukuta, miguu mitupu.

"Mzee, hapa pana aibu kubwa kuliko yangu?" alisema. "Mimi nimeshindwa na makubadhi yangu mwenyewe. Mashine ni ya mtani. Na kama kuna wa kukaa kwenye kigoda ajifunze kunoa, ni mimi."

Mzee Yunusu alikuna ndevu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa swichi na kuuweka kwenye kiganja cha Debora. Akasema, "Bi Umi hapendi kusubiri. Anzeni."

"Na makubadhi yangu, mtani?" Majid aliuliza.

"Yako kazini. Njoo huku nyuma uyaone."

Debora akaenda kuchukua kile kigoda pale mlangoni, akakiweka nyuma ya mashine na kupanga juu yake magurudumu mawili, la kulia na la kushoto. Akanoa mbele ya macho ya Majid, akahesabu ishirini kwa sauti, akazunguka, akafunga mpingo na kuwasha. Maranda yakaanza kumwangukia mikononi. Ilikuwa saa tatu, na jua lilikuwa limeingia mlangoni hadi katikati ya karakana. Debora aliutazama ule mwanga kwa mazoea, akitafuta kile kilichokuwa kikielea humo kila siku. Hakukiona. Akavuta pumzi mpaka chini, akaendelea na kazi.